Trier, Ujerumani: usiishie Porta Nigra

Nilijiunga na ziara ya kikundi, ya kutembea kwa miguu katikati ya mji. Kwenye Porta Nigra kiongozi wetu alikuwa hodari kweli. Lango hili la Warumi lilijengwa kama mwaka 170 BK, mawe makubwa juu ya mawe bila chokaa, yakishikwa kwa vyuma. Sogea karibu uone matundu ukutani: Zama za Kati watu walichokonoa vile vyuma wakaenda navyo. Lango lote lingeishia hivyo kama si Simeoni, mtawa Mgiriki aliyejifungia kwenye mnara wa mashariki mwaka 1030 na kubaki humo hadi kifo chake, 1035. Askofu mkuu Poppo akaligeuza kuwa kanisa. Mwaka 1804 Napoleon aliamuru kanisa hilo libomolewe, lakini ndani bado utakuta michongo ya kikanisa kwenye kuta za Kirumi.

Na ndivyo Trier ilivyo, mengi yaliyosalia yamesalia kwa sababu watu waliendelea kuyatumia, mara nyingi kwa sala. Ukumbi wa mfalme Konstantino, wenye urefu wa mita 67, leo ni kanisa la Kiprotestanti. Ndani ni matofali matupu, na ukikohoa unajisikia kila pembe. Mimi ni Mkatoliki, nimezoea sanamu na mishumaa, lakini pale nilikaa kimya muda mrefu.

Ziara iliniudhi tulipofika Dom, kanisa kuu la Trier. Kanisa lenye kuta za karne ya 4, tukapewa dakika chache za kupiga picha! Humo ndimo inamohifadhiwa kanzu isiyo na mshono inayoaminika kuwa ya Yesu, ile ya Yohana 19. Usitarajie kuiona, maana hutolewa hadharani kwa nadra sana. Mara ya mwisho ilikuwa 2012.

Kwenye kanisa la Mtakatifu Mathia hawakutupeleka kabisa. Nilikwenda mwenyewe, kusini mwa mji. Humo mna kaburi linaloaminika kuwa la yule mtume aliyechaguliwa kuchukua nafasi ya Yuda, na mahujaji huja huko tangu enzi. Siku ile hapakuwa na foleni wala mtu wa kukuharakisha.

Mji naupa nyota tano, ziara tatu. Porta Nigra utalipia kiingilio, Dom ni bure, ila usiende saa ya misa kama nia yako ni kutembea tu, watalii hawaruhusiwi kuzungukazunguka.