Siku moja na Wabatwa: Mgahinga au Buhoma?
Wabatwa, jamii ya asili iliyoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula katika misitu ya kusini-magharibi mwa Uganda, walitolewa msituni mwaka 1991, Uganda ilipoifanya Bwindi na Mgahinga kuwa hifadhi za taifa. Leo huwaongoza wageni. Mgahinga, karibu na mji wa Kisoro, unaingia nao kwenye msitu wenyewe: dawa za miti, moto wa kupekecha vijiti, kisha pango la Garama na nyimbo zao gizani. Kwangu, hilo halina mbadala. Ila ni mwendo wa saa kadhaa mlimani, mara nyingi kwenye matope.

Buhoma, ziara hufanyika nje ya hifadhi ya Bwindi. Inamfaa aliyekuja kuona gorila na ana nusu siku tu.

Kokote uendako, kabla ya kulipa uliza kiasi gani kinawafikia Wabatwa. Vikapu nunua mikononi mwao.