TAHADHARI: "Mawakala" wa kukurudishia makato ya benki

Wakuu, kuna watu wanajiita mawakala wa kudai makato ya benki. Wakikufuata, usiwajibu. Mimi wameshanipiga.

Niliangalia taarifa ya akaunti nikakuta ada ya mwezi imekatwa mara mbili, na tozo ya "huduma" nisiyoikumbuka. Kwa hasira nikalalamika kwenye ukurasa wa benki mtandaoni, hadharani. Hapo ndipo walipoinasa namba yangu, maana niliiandika mwenyewe. Haikupita saa, meseji ikaingia: "Pole sana ndugu mteja, tunashughulikia madai kama yako." Nembo ipo, namba ya faili ipo. Wakataka hela ya kufungua jalada, nikatuma. Kesho yake ikaja "kodi ya rejesho", nayo nikatuma (najua, msinicheke). Mara ya tatu wakaomba namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yangu, eti ndiyo itaruhusu hela iingie. Nikashtuka. Hela inayoingia kwenye akaunti haiombi namba yoyote kwa mwenye akaunti. Ile ni ya kutoa.

Hata pale mawakala wa madai wanaporuhusiwa kisheria, wanamega sehemu ya hela inayorudishwa. Uingereza ilibidi mwaka 2018 wawekewe kikomo cha asilimia 20 kwenye madai ya bima za mikopo.

Kazi yenyewe niliifanya bure. Nilichapisha taarifa ya akaunti, nikapigia mstari makato, nikaambatanisha jedwali la ada la benki yenyewe na barua fupi ya kueleza kiasi na tarehe. Nilibaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na namba ya lalamiko. Hiyo nakala msiiache, kwa sababu benki ikikukatalia au ikikaa kimya, msimamizi wa mabenki au msuluhishi atataka kwanza kuona kwamba ulianza kulalamika kwao.

Ada iliyokatwa mara mbili ilirudi. Ile tozo nyingine haikurudi: walinitolea fomu, na kweli saini ni yangu. Wakala gani angeifuta hiyo?

Halafu juzi nimepigiwa na "ofisi" nyingine. Wanasema wanajua nilitapeliwa, na kwa ada ndogo tu watanirudishia hela yangu. Sauti ni ileile.