Tahadhari: "Seti ya familia" ya samaki aina ya beta inayouzwa hapa Nakuru

Ninaandika kuwatahadharisha wafugaji wa samaki wa mapambo wa Nakuru na vitongoji vyake, hasa wale wanaoanza, kuhusu muuzaji anayenadi kile anachokiita "seti ya familia": beta dume mmoja, "mke" wake, na kundi la samaki wengine ambao anaapa kwamba wataishi pamoja bila ugomvi. Sitamtaja kwa jina, kwa kuwa hila yenyewe inaweza kutumiwa na mtu yeyote mwenye meza na tangi la kioo. Ninachotaka mkijue ni jinsi hila hiyo inavyofanya kazi, kwa sababu mimi mwenyewe, ambaye nimefuga samaki kwa miaka minne, nilinaswa nayo mchana kweupe.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Julai, mapema asubuhi, saa ambayo watu wa Nakuru bado wamevaa masweta. Muuzaji alikuwa na tangi moja mezani, na ndani yake samaki wote wa seti walikuwa pamoja. Beta wa bluu alikuwa ametulia karibu na uso wa maji, mkia wake mrefu ukining'inia kama pazia. Chini yake alikuwako beta mwekundu mwenye mapezi mafupi, ambaye niliambiwa kwamba ni jike. Samaki wawili wa dhahabu walikuwa wakielea polepole, na wengine watano wenye mistari minne myeusi, wale ambao wauzaji huwaita taiga, walikuwa wamesongamana katika kona moja kama abiria wanaosubiri matatu ijae. Hakuna aliyemgusa mwenzake.

Nilimuuliza ikiwa beta hawapigani. Alinijibu bila kusita: "Mama, beta hupigana na dume mwenzake tu. Hawa ni familia, si unajionea mwenyewe?" Na kweli nilikuwa ninajionea. Nilisimama pale karibu robo saa, nikawatazama, nikaridhika. Beta wa bluu alikuwa shilingi 1,200, "jike" 900, taiga watano 1,000, samaki wa dhahabu wawili 600, na chupa ya "dawa ya maji" isiyo na lebo 300. Nilituma shilingi 4,000 kwa simu, nikaahidiwa kwa mdomo kwamba nikipoteza samaki yeyote ndani ya wiki mbili nitapewa mwingine.

Tangi langu la nyumbani, Kiamunyi, ni la lita 60, lina filta na hita iliyowekwa kwenye nyuzijoto 26. Nilifuata utaratibu wote wa kuwazoesha maji, mfuko ukaelea juu kwanza, kisha nikawa ninaongeza maji ya tangi kikombe kimoja kimoja. Kwa saa moja hivi mambo yalikuwa shwari. Baadaye, walipopata joto, wote walizinduka. Taiga ndio waliotangulia: mmoja alimwendea beta wa bluu kwa nyuma, akakata kipande cha mkia kidogo kuliko ukucha, akakimbia, na wenzake wakaona kwamba jambo hilo linawezekana. Beta wa bluu alipogeuka kuwafukuza, alikutana uso kwa uso na "mke" wake. Huyo alitanua vifuniko vya matamvua, na chini yake ikatokea ndevu nyeusi, ule utando ambao kwa dume huwa mkubwa, iliyosimama wima, akavimba mwili mzima na kumrukia. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba nimeuziwa madume mawili, moja likiwa la ile aina yenye mapezi mafupi.

Niliwatenganisha usiku huohuo, lakini kazi ilikuwa imeshafanyika. Mkia wa bluu ulikuwa umechanikachanika kama leso iliyonaswa kwenye seng'enge, na mwekundu alikuwa amepoteza magamba ubavuni. Samaki mmoja wa dhahabu alikufa Jumatatu.

Nilipompigia muuzaji, kwanza alisema kosa ni la hita yangu, kwamba "inawachemsha akili". Kisha alinishauri ninunue taiga wengine watano ili ukali wao upungue. Maneno hayo yana chembe ya ukweli, na hapo ndipo penye hatari yake: taiga, ambao kwa jina la kitaalamu ni Puntigrus tetrazona, ni samaki wa kundi, na wakiwa wengi hushughulika zaidi wao kwa wao. Hata hivyo, idadi haiwafanyi wawe wenzi salama wa samaki mwenye mapezi marefu na mwendo wa taratibu. Nilipomkumbusha ahadi yake ya wiki mbili, simu ilikatika, na tangu siku hiyo namba yangu haimpati. Jirani yangu mmoja na jamaa wa Lanet wamenieleza kisa kinachofanana na changu hadi kwenye neno "familia".

Kilichokuwa kikinitatiza ni ule utulivu wa Jumamosi. Nilirudi pale katikati ya wiki, asubuhi, nikamkuta kijana aliyeachiwa meza, nami nikaomba kutumbukiza kipimajoto changu ndani ya tangi. Kilisimama kwenye nyuzi 17. Hapakuwa na hita, wala waya wowote wa umeme. Samaki hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hufuata joto la maji, na beta, ambaye asili yake ni maji ya uvuguvugu ya Thailand, anahitaji nyuzi 24 hadi 28. Akiwekwa kwenye maji ya nyuzi 17, hula kidogo, hasogei sana, na hana nguvu za kupigana na mtu. Nilichokiona mimi kama amani kilikuwa baridi. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800, na usiku wa Julai unamfanyia muuzaji wa namna hii kazi yote bila malipo. Huko Kisumu, ambako hali ya hewa ni ya joto zaidi, sidhani kama onyesho lake lingedumu hadi saa nne.

Ni lazima pia niseme wazi kuhusu wenzi wenyewe, maana muuzaji hutegemea tusijue. Beta amezalishwa na Wathai kwa vizazi vingi kwa ajili ya mapambano, na ingawa Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa maji wa taifa mwaka 2019, heshima hiyo haikumpunguzia ukali. Madume mawili hayakai katika tangi moja. Dume na jike nao hawafai kuwekwa pamoja daima. Hukutanishwa kwa ajili ya kuzaa, na jike huondolewa mara tu baada ya kutaga, kwa sababu dume hubaki akilinda kiota chake cha mapovu na humshambulia yeyote anayekaribia, mama wa mayai akiwamo. Kwa hiyo hata kama yule mwekundu angekuwa jike kweli, hiyo "ndoa" ingeishia kwenye majeraha.

Samaki wa dhahabu hafai kwa sababu nyingine kabisa. Yeye hupendelea maji ya baridi zaidi, hukua akawa mkubwa kuliko tangi za wengi wetu, na huchafua maji kwa amonia nyingi, sumu inayotoka mwilini mwake. Gapi madume, samaki wadogo wenye mikia mipana ya rangi, huweza kudhaniwa na beta kuwa ni mahasimu, na gurami ni jamaa wa karibu mno wa beta kiasi kwamba hugombania eneo lilelile la juu. Wanaofaa ni wale wanaokaa mbali naye, wasio na madaha ya mkia na wasiodonoa. Koridora, kwa mfano, ambao ni jamii ya kambare wadogo, huzunguka chini kwenye mchanga, nao wawe sita au zaidi. Konokono wa nerite hula ukungu wa kijani kwenye kioo na hawaongezeki katika maji yasiyo na chumvi. Tangi liwe na lita 40 kwenda juu, lenye mimea na maficho, na beta aingizwe mwisho ili asikute wageni katika himaya yake. Hata hivyo wako beta ambao hawavumilii hata konokono, na kwa hiyo ni vyema kuwa na chombo cha akiba tayari kabla ya kununua mwenzi yeyote.

Ukikutana na muuzaji wa "familia", usihesabu dakika za utulivu kama nilivyofanya mimi. Beba kipimajoto. Omba samaki walishwe mbele yako, kwa kuwa asiyeogelea kuufuata mlo ana baridi au ni mgonjwa. Ukiambiwa kwamba beta fulani ni jike, omba aonyeshwe kioo kidogo cha kujitazama, uangalie ndevu chini ya matamvua. Jike huwa na ndogo sana, na mara nyingi huwa na nukta nyeupe tumboni karibu na mapezi ya mbele, ingawa nukta hiyo peke yake si ushahidi kamili, kwani madume wachanga nao huweza kuwa nayo. Beta kuwa hai ndani ya kikombe si hoja pia: ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu ya maji, kwa hiyo hustahimili mahali ambapo samaki wengine wangekufa, lakini kustahimili si kustawi. Dai risiti yenye majina ya samaki uliouziwa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na maelezo anayohitaji ili anufaike nazo, na bila karatasi ni vigumu kuthibitisha ulichoelezwa. Ile chupa isiyo na lebo usiimimine kamwe. Yangu bado imefungwa.

Beta wa bluu sasa anaishi katika tangi lake na konokono wawili, na ukingo wa mkia wake umeanza kuota utando mwembamba usio na rangi. Mwekundu yuko kwenye chombo cha lita 20, amepona ubavu. Samaki wa dhahabu aliyebaki amechukuliwa na rafiki mwenye bwawa. Taiga watano ndio waliosalia, wamo kwenye ndoo kubwa yenye filta na hita, wazima na wenye hamu ya kula kupita kiasi. Mwenye tangi kubwa ambalo halina beta wala samaki yeyote wa mapezi marefu anakaribishwa awachukue, bila malipo.