Uzoefu wangu: mizani ya sonara na kalipa vilivyoitambua sarafu ya bibi

Mjomba amekuwa akisema jambo moja tangu nikiwa mdogo: ile sarafu aliyoiacha bibi ni rupia ya Mjerumani. Hapakuwa na wa kumbishia, kwa sababu hakukuwa na cha kusoma. Upande mmoja una kivuli cha kichwa, wa pili kivuli cha ndege, na juu kuna tundu. Bibi aliivaa shingoni kwa uzi miaka mingi, na kila ilipoingia weusi aliisugua kwa majivu na ndimu. Nawasihi wenye sarafu za zamani msifanye hivyo. Majivu ni msasa.

Nilianza na programu ya simu inayotambua sarafu kwa picha. Nilipiga picha tatu, nikapewa majibu matatu ya nchi tatu. Kisha sonara mmoja mjini Arusha akaipima na kunitajia bei ya fedha chakavu, bila kuuliza imetoka wapi. Kilichonivutia pale ni mizani yake. Wiki iliyofuata nilinunua ya kwangu, ndogo ya kuweka mfukoni, inayosoma hadi sehemu moja ya mia ya gramu, pamoja na kalipa ya kidijitali, yaani kifaa cha kupimia upana, yenye meno ya plastiki. Meno ya chuma yanakwaruza fedha, kwa hiyo hapo msibane matumizi.

Mizani ilisoma gramu 10.62. Mjomba akafurahi, maana rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilitoka kiwandani na gramu 11.66, na sarafu iliyovaliwa hivyo lazima ipungue. Ningekuwa na mizani peke yake ningemkubalia. Lakini kalipa ilisoma milimita 28 kasoro kidogo, na rupia ina zaidi ya 30. Sarafu husagika uso, hupoteza picha na maandishi, ila upana wake haupungui milimita mbili na nusu huku ukingo ukiwa bado na meno-meno yake. Basi nikafikiri ni shilingi ya Afrika Mashariki ya enzi za Mwingereza, ya Mfalme George wa Tano, ambayo upana wake ni uleule, karibu milimita 28. Nayo ikakataa: shilingi ile ina gramu 7.78 tu, na hakuna sarafu inayonenepa kwa kuvaliwa.

Hapo ndipo nilipoelewa thamani ya kuwa na vifaa vyote viwili. Uzito ulisema rupia, upana ukasema shilingi, na vikiwekwa pamoja vikakataa zote mbili.

Kipimo cha tatu kilihitaji kikombe cha maji tu. Unaweka kikombe juu ya mizani, unairudisha kwenye sifuri, kisha unaining'iniza sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Lile tundu la bibi lilifanya kazi iwe nyepesi. Mizani ilipanda kwa gramu 1.06, yaani uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Ukigawa 10.62 kwa 1.06 unapata 10 na chembe, ambayo ndiyo densiti (uzito kwa ujazo) ya fedha ya asilimia 75 iliyochanganywa na shaba. Fedha ya rupia ni safi zaidi, karibu asilimia 92, na mizani ingesoma kama 1.03. Tofauti ni sehemu tatu za mia za gramu, kwa hiyo nilirudia mara tano, feni ikiwa imezimwa na madirisha yamefungwa.

Na vipimo hivyo mkononi nikaingia Numista, katalogi ya sarafu ya mtandaoni isiyo na malipo, inayoruhusu kutafuta kwa uzito, upana na madini. Hii naisifu bila kusita. Kati ya sarafu zilizojitokeza, moja ilinifanya nisimame: zloti 5 za Polandi, gramu 11, milimita 28, fedha asilimia 75, zilizotolewa 1932 hadi 1934. Upande mmoja ni tai mwenye taji, wa pili ni kichwa cha mwanamke anayetazama kulia, kazi ya mchongaji Antoni Madeyski. Kuna zloti 5 nyingine za vipimo hivyohivyo zenye kichwa cha Józef Piłsudski, ila yeye anatazama kushoto. Kivuli chetu kinatazama kulia.

Usiku nilizima taa, nikailaza tochi ya simu sambamba na meza. Chini ya tai zikajitokeza Z na ile L ya Kipolandi iliyokatwa kwa mstari. Nilimwita mama aje aone.

Mama alikaa kimya, kisha akasema: "Bibi yako alikuwa akiwauzia ndizi Wazungu wa kambini." Sisi ni watu wa Tengeru. Kuanzia 1942 ilikuwepo hapa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Wasovieti walikuwa wamewahamishia Siberia na Asia ya Kati kwa nguvu, kisha wakimbizi hao wakapitia Irani hadi kufika kwetu. Makaburi yao yapo hadi leo, nami nimepita hapo mara ngapi nikienda shule! Sarafu hiyo haikuwa na matumizi sokoni Tanganyika. Aliyempa bibi alimpa kitu alichokibeba kutoka kwao, kikavuka baridi ile yote.

Kuhusu vifaa: mizani inastahili kila shilingi, ila ipe dakika mbili itulie kabla ya kupima, na nunua na uzito wa kuirekebishia, maana mizani yangu haikuja nao. Kalipa inakula betri hata ikiwa imezimwa, kwa hiyo naitoa kila nikimaliza.

Jumapili mjomba alikuja na rupia yake ya kweli. Tuliziweka pamoja mezani, akazipima mwenyewe, akaziangalia muda mrefu, akasema, "Haya, ni ya mwanamke."

Nilimshauri mama aihifadhi kwenye bahasha. Ameirudisha shingoni, kwa uzi mpya. Ndani ya kifuniko cha mizani nimeandika tarehe na gramu 10.62.