Vito vya Enameli vya Ufaransa: Anza Kukagua Upande wa Nyuma

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu vito vya kale vya Ufaransa yanafanana: mtu hununua kidani cha dhahabu chenye enameli, na baada ya muda sehemu ya rangi hugeuka manjano au hubanduka kama rangi ya kucha. Karati sizijadili hapa, kwa kuwa kichwa cha tai, muhuri rasmi wa Ufaransa ulioanza kutumika mwaka 1838, hutambulisha dhahabu ya angalau karati 18, na kila muuzaji hukionyesha kwa fahari.

Asichokionyesha ni viraka. Enameli ni kioo kilichosagwa na kuyeyushwa juu ya dhahabu kwa joto la nyuzi 700 hadi 850 hivi. Ikimeguka, sonara hairudishi tanuruni kwa kuhofia lulu, mawe na lehemu za zamani, hivyo pengo hujazwa gundi iliyotiwa rangi. Tumia kioo cha kukuzia mara 10 na ukiinamishe kito kwenye mwanga: kiraka hufifia pale kioo halisi kinapong'aa, na mpaka wake huonekana. Kisha kigeuze. Nikikuta lehemu ya kijivu ya risasi au bati kwenye dhahabu, huwa sijadili bei tena; naachana nacho.

Kati ya masonara wa Ufaransa waliotumia enameli, nafasi ya kwanza naipa nyumba ya Falize, karakana ya familia ya masonara ya Paris, wala sifichi upendeleo wangu. Alexis Falize na fundi wake wa enameli, Antoine Tard, walifuata mitindo ya Japani na China mwishoni mwa miaka ya 1860, na kuta nyembamba za dhahabu zinazotenga kila rangi husaidia ufa usisambae. Eugène Fontenay anafuata. Enameli yake iliyochorwa ni laini mno, ila ikague kingoni. René Lalique namweka wa tatu, hata kama mashabiki wake watanuna, kwa sababu enameli yake inayopitisha mwanga haina dhahabu nyuma ya kuishikilia, na jina lake limepandisha bei kupita kiasi. Mwenye fedha kidogo atafute enameli za Bourg-en-Bresse, mji wa mashariki mwa Ufaransa.

Kinachoniudhi ni minada inayotoza ada ya mnunuzi ambayo mara nyingi hupita asilimia 20, kisha ikaweka picha ya mbele pekee na maneno "hali nzuri kwa umri wake". Wapo pia wanaotaja jina kubwa kwa sababu tu wameona tai, ilhali alama ya fundi ni herufi zilizo ndani ya msambamba mdogo wenye umbo la almasi. Dai picha ya msambamba huo, picha ya nyuma, na maelezo ya ukarabati yaliyoandikwa kwenye risiti.