Hasira ya 1969, mkono wa 2018

Hapa Kisumu ukitaja hospitali ya "Russia", wazee hunyamaza kidogo. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Mzee Jomo Kenyatta alikuja kufungua hospitali hiyo, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, alikuwapo. Marafiki hao wa zamani wakarushiana maneno makali mbele ya umati. Watu walizomea, walinzi wakafyatua risasi, na hata watoto walikufa. Siku chache baadaye chama chake cha KPU kikapigwa marufuku, Jaramogi akawekwa kizuizini.

Tarehe 9 Machi 2018 wana wao, Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga, walipeana mikono kwenye ngazi za Harambee House, Nairobi. Joto la siasa lililopanda tangu uchaguzi wa 2017 likashuka.

Kati ya njia hizo mbili nachagua mkono, bila kusita: ulimi wa mkubwa ukiteleza, anayezikwa ni mdogo. Lakini kujizuia kwa viongozi si sawa na kumnyamazisha aliyefiwa. Siku ile jirani yangu wa Kondele, aliyekuwa bado na matanga moyoni tangu uchaguzi huo, alizima redio, akaendelea kugeuza samaki wa mbuta kwenye karai. Hakuna kiongozi aliyempa mkono yeye.