Kashata ya njugu: leo tunaiangalia njugu yenyewe

Hamjambo ndugu zangu, karibuni. Leo mezani nina kashata za njugu, yaani karanga, za aina mbili. Hizi nimezinunua soko la Owino, hapa Kampala, asubuhi kwa mama mmoja anayezipika mwenyewe, na huu mfuko uliofungwa nimeutoa dukani.

Naanza na ya mama. Sikilizeni nikiivunja... kah! Mmesikia? Sukari imeiva barabara. Ingetolewa jikoni mapema ingenata menoni, ingechelewa ingeungua ikawa chungu. Sasa nawasogezea karibu mwone hapa ilipovunjika: njugu nyekundu, bado na ngozi yake, ndani ina rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Imekaangwa kwa subira, kwanza peke yake, ndipo ikatiwa kwenye sukari.

Wengi wetu tunadhani njugu hizi ni za hapa tangu enzi za mababu. Kwao ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walizileta Afrika karne ya 16. Zetu za asili ni njugu mawe. Lakini zimetuzoea, nasi tumezizoea: kule Teso, mashariki mwa Uganda, kituo cha utafiti cha Serere kimewapa wakulima mbegu bora za njugu ziitwazo Serenut, na sukari tunayo tangu kiwanda cha Lugazi mwaka 1924, kisha Kakira mwaka 1930.

Tuje kwenye lishe. Mama kaniambia anapima kilo ya njugu kwa kilo ya sukari. Kipande hiki nimekiweka kwenye mizani, gramu 30. Kwa hiyo nusu yake ni njugu: protini karibu gramu 4 na mafuta kama gramu 7, mengi yakiwa yale yasiyoudhi moyo. Nusu nyingine, gramu 15, ni sukari tupu. Jumla ni kalori kama 140. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite takriban gramu 50 za sukari kwa siku, na vizuri zaidi akiishia 25. Vipande viwili tu umeshafika 30, na chai bado hujainywa! Mimi nakula kimoja, kwa chai isiyo na sukari.

Sasa huu mfuko wa dukani. Jina silitaji. Nimetafuna njugu ya tatu, uchungu umenijaa mdomoni, nikaitema. Nikapasua nyingine kwa kisu: tazameni, katikati imesinyaa, ina weusi na unga wa kijivu. Hiyo ni kuvu, na jambo hili linaniuma sana. Njugu zikikaushwa chini kwenye udongo au zikiwekwa ghalani na unyevu, kuvu huzaa sumukuvu, sumu inayoharibu ini na kuleta saratani. Kukaanga hakuimalizi. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 tu kwa kilo, na huwezi kuipima kwa macho. Utamu wa sukari unaficha njugu mbovu, ndiyo maana nawaomba mvunje kwanza, mtazame ndani, ndipo mle. Ukiona weusi, tupa mfuko mzima.

Watoto chini ya miaka 5 msiwape njugu nzima, zinaweza kuwakaba. Wasagieni.

Za mama nawashauri mnunue. Ila nendeni mapema, maana saa nne sinia lake lilikuwa limebaki makombo.